Kabla ya kuuliza zimekwenda wapi, ulizeni zitatoka wapi

Mazungumzo na wenyeviti wa mitaa, wajumbe wa kamati za mitaa na viongozi wa vikundi vya ujasiriamali, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa na wajumbe wenu, watendaji wetu wa kata, kina mama wa vikundi, na vijana wangu mliojipanga karibu na mlango ili mtoke mapema: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna majiji na manispaa zetu zinavyopanga bajeti na kuigawa. Nilikuwa afisa mipango kwenye halmashauri za miji mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikiyasema mambo kama tulivyokuwa tukiyafanya. Yale ya kwenye vipeperushi mnayo tayari.

Mkikutana na diwani au mkurugenzi, swali lenu la kwanza huwa fedha zimekwenda wapi. Ni swali halali, na kuna wakati jibu lake limo kwenye ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Lakini kwa niliyoyaona, mradi wa mtaa unapokwama mara nyingi hakuna aliyekula. Fedha zenyewe hazikuwahi kuwepo. Ziliandikwa upande wa mapato ili mradi wenu upate pa kukaa upande wa matumizi. Wananchi wakapiga makofi, madiwani wakapitisha, na ilipofika Mei kila mtu akawa anamtazama mweka hazina. Huo upande wa mapato, ambao kwenye mikutano ya hadhara hakuna anayeugusa, ndio nataka tuuzungumze leo.

Tuanze na ile namba kubwa ya redioni. Kila ifikapo Februari mnasikia kwamba Baraza la Madiwani la mahali fulani limepitisha bajeti ya mabilioni kadhaa, na mtu aliyekaa kijiweni anauliza: mabilioni yote hayo, na huu mtaro mmoja unawashinda? Fungua kitabu cha bajeti. Sehemu kubwa ya namba hiyo ni mishahara. Walimu wa msingi na sekondari, waganga, wauguzi, maafisa maendeleo ya jamii, watendaji, wote wanahesabiwa humo, lakini mishahara yao inatoka Hazina na kwenda kwenye akaunti zao. Hakuna diwani anayeweza kusema mwaka huu tupunguze mishahara tujenge mtaro. Halafu kuna fedha zinazokuja zikiwa na majina yake: za elimu bila ada, ambazo tangu 2016 zinapelekwa kwenye akaunti za shule, za Mfuko wa Pamoja wa Afya, za miradi ya wahisani. Ile shilingi 10,000 ya mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 25,000 ya mwanafunzi wa sekondari, zimepangwa na serikali kuu. Halmashauri inaziandika kwenye kitabu, inazisimamia, basi.

Kinachobaki ndiyo mapato ya ndani. Hata humo kuna mapato lindwa, kwa mfano malipo ya wagonjwa na ya bima, ambayo yakipatikana kwenye kituo cha afya yanatumika kwenye kituo cha afya. Ukiyatoa hayo unabakiwa na fedha ambayo halmashauri inaweza kuiita yake.

Nayo haijawa huru bado. Asilimia 10 inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne, mbili. Hilo tangu 2018 ni takwa la sheria, si hisani ya mkurugenzi. Kina mama wa vikundi mnakumbuka ilivyosimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG kueleza mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyojulikana viliko, kisha ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri kumi zikijaribu kuipitisha benki. Zaidi ya hapo, kwa miaka kadhaa mwongozo wa bajeti ulikuwa ukizitaka halmashauri zenye mapato makubwa zipeleke asilimia 60 ya mapato yao ya ndani kwenye miradi ya maendeleo, na nyingine asilimia 40. Kwa halmashauri yenye mapato makubwa, basi, hiyo 40 inayobaki ndiyo inanunua mafuta ya magari, inalipa umeme wa ofisi, posho za vikao, vibarua, walinzi, makandarasi wa taka, safari, simu na karatasi.

Mimi nayaunga mkono masharti haya, na najua baadhi ya wenzangu niliofanya nao kazi hawatafurahi kusikia. Kabla hayajawekewa mkazo, halmashauri nyingi zilikuwa zinakusanya ushuru sokoni na kuumaliza wote kwenye vikao vya kujadili soko. Ila mjue kwamba ukishatoa kila kilichopangwa na sheria, na mwongozo, na Hazina, mnachogombania kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ni kipande kidogo mno cha ile namba ya redioni.

Sasa kwa nini kipande chenyewe ni kidogo? Hapa nitakaa.

Serikali za mitaa nchini kwetu zimewahi kufutwa kabisa. Ilikuwa 1972, wakati wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na sheria tunazozitumia hadi leo, ikiwemo ile ya fedha za serikali za mitaa, zikatungwa 1982. Katiba yenyewe, kwenye ibara za 145 na 146, inazitambua. Lakini chombo kinaweza kutambuliwa kikatiba na bado mfuko wake ukashikwa na mtu mwingine. Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wangu hapa mliikimbia mkajificha darini. (Nawaona mnaocheka.) Ilikuwa kodi ya kero, inamkamata maskini sawasawa na tajiri, na kuifuta ilikuwa haki. Halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia pengo. Ruzuku, kwa bahati mbaya, inatolewa na mwenye nacho anapokuwa nacho.

Kisha ikaja zamu ya kodi ya majengo. Duniani kote hii ndiyo kodi ya miji. Nyumba haihami usiku, haina stoo ya kuficha mzigo, na thamani yake inapanda kwa sababu jiji limeweka barabara, taa na shule karibu nayo. Kwa Dar es Salaam ukusanyaji wake ulipelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, mwaka 2008, ukarudi manispaa, halafu 2016 ukaondoka tena, safari hii si kwa Dar es Salaam peke yake. Mwaka uliofuata ada ya mabango ikapita njia hiyohiyo. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, na ushuru mdogomdogo wa machinga uliokuwa ukiingia halmashauri ukakoma. Maegesho ya magari nayo yakahamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa sababu nzuri: TRA ina mikono mirefu, machinga alikuwa anasumbuliwa kweli. Lakini jiweke kwenye kiti cha mtu anayeandaa mpango wa miaka mitano wa manispaa, huku chanzo kikubwa kinaingia na kutoka kama abiria wa daladala.

Mwenye risiti ya LUKU, ile ya kununua umeme, kwenye simu aifungue. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa; tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Kwa mwaka nyumba ya kawaida inalipa 18,000. Kwa upande wa ukusanyaji, mfumo huu ni mzuri kweli. Hakuna mtendaji anayegonga milango, hakuna hati ya madai inayopotea, na ukitaka umeme umelipa.

Lakini tazameni ulivyogawa mzigo. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu Mbagala, bati limechoka, choo cha nje, inalipa 18,000. Nyumba ya chini Masaki yenye bustani, bwawa la kuogelea na geti la umeme inalipa 18,000. Kwa sababu zote ni nyumba za kawaida, hazina ghorofa. Na aliyeshika simu na kununua umeme kule Mbagala ni mpangaji, hata kama nyumba si yake. Kwa maelezo ya serikali anatakiwa adaiane na mwenye nyumba wake. Nani hapa ameshawahi kumkata mwenye nyumba kodi akabaki na chumba? Zamani jengo lililofanyiwa uthamini lilitozwa kwa thamani yake. Uthamini ulikuwa ghali, ulisuasua, na majengo mengi hayakufikiwa. Ila tulipouacha, tuliacha pia uwezekano wa jiji kupata zaidi kwa wenye zaidi. Na kati ya hicho kinachokatwa kwenye LUKU, kinachorudi halmashauri ni sehemu tu.

Tusidhani majirani wamelimaliza. Nairobi ilikaa na daftari la thamani ya ardhi la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miaka 40, ikafikia kutoza asilimia 34 ya thamani ya enzi hizo, mpaka ilipohamia kwenye asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Wenye viwanja walipiga kelele, kama ilivyotarajiwa. Lakini angalau mabishano yao ni juu ya thamani.

Baada ya yote hayo, jiji letu limebakiwa na nini? Ushuru wa huduma, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa nyumba za kulala wageni, kodi za vibanda na majengo ya halmashauri, ada ya taka, na kwa baadhi, mauzo ya viwanja. Mkubwa wao mjini ni ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kwa kiwango hicho, duka la jumla linalouza milioni 500 kwa mwaka linalipa milioni 1 na nusu. Kariakoo mnaijua. Hesabuni wenyewe maduka, mkumbuke mauzo yanayotajwa mbele ya afisa biashara na yale yanayotajwa mbele ya shemeji, kisha mtaelewa kwa nini makisio ya chanzo hiki ndiyo mahali bajeti inapoanza kuwa ya kweli au ya uongo.

Nitawaeleza inavyotokea. Ni halmashauri moja niliyopata kufanya kazi. Jina tuliache, na namba nitakazotumia ni za mfano ili hesabu iwe nyepesi. Wakuu wa idara wamekaa, mfumo wa kuandikia bajeti, PlanRep, umefunguliwa, na saa nne ya usiku imeshapita. Idara ya fedha inasema kwa mwenendo wa makusanyo tutapata bilioni 20. Idara zote zikijumlisha maombi yao, ni bilioni 26. Mtu mzima mmoja anasema, tukienda na 20 Baraza litatukataa, kila diwani ana darasa lake humo. Wanapatana 24. Hizo bilioni nne zinatoka wapi? Mchumi anaongeza kidogo kwenye ushuru wa huduma, kidogo kwenye vibali vya ujenzi, na kinachobaki anakisukuma kwenye kasma, yaani fungu, ya mapato mengineyo. Hakuna mlipakodi mpya aliyeandikishwa usiku ule. Ni tarakimu tu zimeongezwa, chai ikaletwa, watu wakaenda kulala.

Sasa fuateni hesabu. Bajeti ya bilioni 24, asilimia 60 ya maendeleo ni bilioni 14.4, matumizi ya kawaida ni 9.6. Mwaka unaisha, zimekusanywa 20, kama idara ya fedha ilivyosema. Mtadhani kila upande utapunguzwa kwa haki. Thubutu! Mafuta yalishajazwa. Vikao vilishakaa. Mwenye gari la taka akikosa malipo, siku ya tatu mtaa unanuka na mkuu wa wilaya anapiga simu. Kwa hiyo matumizi ya kawaida yanabaki palepale, 9.6, na miradi inapata 10.4. Bilioni nne zote zinakatwa kwenye miradi. Fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 zilijenga darasa moja kwa milioni 20. Kwa kipimo hicho, yale makubaliano ya usiku yamewakosesha watoto madarasa 200, na kwenye kitabu hakuna hata senti moja iliyoibiwa.

Wanaoumia zaidi ni mitaa iliyojitolea. Mnajua utaratibu: wananchi wanachangishana, wanapandisha boma mpaka kwenye linta, serikali inamalizia. Kwa fedha za serikali kuu kiwango kilichozoeleka ni milioni 12.5 kumalizia boma la darasa na milioni 50 boma la zahanati. Halmashauri inapoweka umaliziaji kwenye mapato ya ndani yasiyokuwepo, boma linakaa. Mvua ya kwanza, mvua ya pili, matofali yanaanza kumung'unyuka, nondo zinang'olewa usiku. Mwaka wa tatu mwenyekiti wa mtaa akiitisha mchango mwingine, anaambiwa zile za mwanzo uliweka wapi. Mwenyekiti hakula hata shilingi, lakini yeye ndiye anayekutana na watu hao kila siku dukani.

Kuna shinikizo la upande mwingine pia, nilitaje ili nisiwaonee wataalamu. TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, imekuwa ikitangaza halmashauri zilizofanya vizuri na vibaya kwa asilimia ya makusanyo. Ukikisia 24 ukapata 20, uko chini, mkurugenzi ana maelezo ya kutoa. Ukikisia 15 ukapata 18, umevuka lengo kwa asilimia 20, unapigiwa makofi. Kwa hiyo kuna wakurugenzi wanaokisia juu ili Baraza lipite, na wapo wanaokisia chini ili wang'are kwenye orodha. Wote wawili wanawanyima taarifa moja ileile: uwezo halisi wa jiji lenu ni upi.

Mfano wa Dodoma unafundisha zaidi kuliko wetu. Mei 2017 ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, CDA, ilivunjwa, na ardhi yake pamoja na kazi zake zikaingia manispaa. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Serikali inahamia, kila mtu anataka kiwanja, halmashauri inapima na kuuza. Dodoma ikazipita halmashauri zote kwa mapato ya ndani, ikaiacha hata Ilala na Kariakoo yake. Hapa Dar es Salaam tulikodoa macho. Lakini kiwanja kinauzwa mara moja. Ukikiuza ukalipia posho na mafuta, mwakani huna kiwanja na mafuta bado yanahitajika. Dodoma walitumia sehemu ya fedha hizo kujenga vitega uchumi vya jiji, hoteli katikati ya mji na jengo la biashara kule Mtumba. Kama majengo hayo yatalipa, wakati utasema; mimi nina wasiwasi wangu na halmashauri zinazojifanya wenye hoteli. Ila kanuni waliyoifuata ni sahihi: fedha ya mara moja inunue kitu kinachobaki. Kwa hiyo mkiona makisio ya halmashauri yenu yamepanda ghafla, ulizeni kama ni chanzo cha kila mwaka au ni kiwanja kimeuzwa.

Ratiba nitaipitia haraka, kwa sababu mnayo kwenye karatasi mliyopewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mwongozo wa kuandaa bajeti na ukomo wa bajeti wa kila halmashauri hushuka kutoka juu mwishoni mwa mwaka wa kalenda, na mara nyingi huchelewa. Mitaa huibua vipaumbele, kata inavichambua, wataalamu wanaviingiza kwenye mfumo, kamati ya fedha inakaa, Baraza linapitisha Januari au Februari. Kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha TAMISEMI na Hazina, Aprili Bunge linaanza, na Juni mnasikia hotuba ya Waziri wa Fedha.

Angalieni mahali penu kwenye ratiba hiyo. Mkutano wa hadhara mnaouitisha Machi kudai darasa umekuta mfumo umefungwa. Mtapewa soda na ahadi. Oktoba na Novemba, wakati wengi wetu tunafikiria Krismasi na ada za Januari, ndipo orodha inapoandikwa. Na mtaa unaopeleka vipaumbele kumi na tano haujapeleka kipaumbele hata kimoja; unamwachia mtaalamu achague, naye atachagua kilicho rahisi kununua. Pelekeni vitatu. Cha kwanza kiwe na kiwanja kisicho na mgogoro, muhtasari uliosainiwa, na gharama iliyopitiwa na mhandisi wa halmashauri. Nimeona miradi mizuri ikiachwa kwa sababu tu eneo lilikuwa na kesi baraza la ardhi.

Halafu jueni mlango wa kubisha. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, barabara kuu ziko TANROADS, maji yako DAWASA. Diwani anaweza kupiga kelele, na apige, lakini kasma ya lami ya mtaa wenu haimo kwenye bajeti aliyoipitisha. Nimeshuhudia madiwani wakipoteza uchaguzi kwa barabara ambayo hawakuwa na hata shilingi ya kuitengeneza, na wengine wakashinda kwa barabara ya mradi wa Benki ya Dunia ambao hawakujua hata ulivyoanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine kuhusu mashine za POS za kukusanyia ushuru na fedha zinazokusanywa zisifike benki, ila ripoti za CAG zinalisema hilo kila mwaka kuliko ninavyoweza kulisema mimi. Nipokee maswali.

[Miongoni mwa maswali yaliyoulizwa, la mama mmoja mwenye meza ya nyanya sokoni lilichukua muda mrefu kuliko mengine: wafanyabiashara wanalipa ushuru kila siku, risiti wanapewa, lakini choo cha soko kimejaa tangu mwaka jana na wanaambiwa hakuna fedha. Jibu linafuata.]

Mama yangu, ahsante. Ushuru wako ukishaingia kwenye ile mashine unakwenda kwenye akaunti ya makusanyo ya halmashauri, pamoja na leseni, vibali na vyanzo vingine. Hauna alama inayosema huu ni wa soko letu. Kwa hiyo hoja ya kwamba tunalipa ndiyo maana tunastahili choo ni ya haki, lakini kwenye kitabu cha bajeti haina pa kukaa. Kinachokaa kwenye kitabu ni kasma: ukarabati wa choo, soko fulani, kiasi fulani, chanzo mapato ya ndani. Kesho uende wewe na mwenyekiti wa soko kwa mtendaji wa kata, mumwombe awaonyeshe kwenye bajeti iliyopitishwa kama kasma hiyo ipo. Ikiwepo, swali lenu kwa mkurugenzi ni moja: katika makusanyo ya robo mwaka hii, kiasi gani kimetolewa kwa kasma hiyo, na kama ni sifuri, ni kasma zipi za matumizi ya kawaida zimelipwa kabla yake. Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa ibandikwe kwenye mbao za matangazo, kwa hiyo hamwombi siri ya mtu. Na mwende na jumla ya risiti zenu za mwezi mmoja, soko zima. Siyo kwa ajili ya kulalamika. Kaeni na mkusanya ushuru mlinganishe jumla yenu na makisio ya soko hilo kwenye kitabu. Mkikuta kitabu kinasema soko lenu linaingiza nusu ya mnacholipa, basi ama makisio yamewekwa chini, ama fedha haifiki. Na hapo mkurugenzi mwenyewe atataka kuwasikiliza kabla mkaguzi hajafika.

Isipokuwepo kasma kabisa, mwaka huu halmashauri haitachimba choo hicho, na msikubali mtu awaambie vinginevyo. Unyonyaji wa lile shimo ni matumizi ya kawaida, unaweza kuombwa hata wiki hii kwa afisa afya wa kata. Choo kipya kiandikeni namba moja kwenye orodha ya Oktoba.